Mbao Inapumua

Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la mtaa wa Tsubaki pana benchi na mashine ya kuuza kahawa ya kopo, na hapo ndipo wastaafu wa mtaa hukutana kila asubuhi wakimaliza mazoezi ya viungo ya redioni. Kamanda, aliyefunga na kufungua geti la reli miaka thelathini na minane, hukaa kushoto, ati apate kuona kinachokuja. Mama Bafu, aliyekuwa na nyumba ya kuogea ya mtaa mpaka tanuri lake likafa, hukaa katikati, na hakuna aliyewahi kumbishia. Kulia ni pa Hisamatsu, karani mstaafu wa posta, ambaye mtaa mzima humwita Fundi Jumapili, kwa useremala wake wa siku za mapumziko. Jina hilo alikuwa akilipenda kuliko lile alilorithi kwa baba yake. Leo ni siku ya tano tangu mkewe, Fusae, aanguke mlangoni akavunjika mkono, na siku zote tano, akiitwa Fundi, Hisamatsu huinama kukaza kamba za viatu ambazo hazijalegea hata kidogo.

— Fundi, mama anaendeleaje? aliuliza Kamanda, akimpa kopo la moto.

— Yupo nyumbani. Plasta wiki sita.

— Na zote hizo sababu ya soksi.

— Ndiyo, alisema Hisamatsu, akashika kamba ya kiatu. Soksi.

Ndivyo Fusae mwenyewe alivyomwambia daktari, kabla mumewe hajafungua mdomo. Alisema ameteleza kwa soksi, akageukia ukutani, na tangu siku ile hawajalizungumza tena.

— Soksi wapi, bwana, alisema Mama Bafu. Mimi nimeona watu wakitembea juu ya sabuni miaka arobaini. Mtu hatelezi bure bure. Hebu niambie, Fundi, ile mbao ya kishikio ulichomwekea mlangoni ajishikie, uliisimamisha vipi?

— Wima.

— Najua wima, mimi si kipofu. Upande wa mizizi ulikuwa chini au juu?

Hisamatsu hakujua. Dukani mbao haina mizizi wala kilele, ina bei tu.

— Unaona? Umeisimamisha kichwa chini miguu juu. Mbao ya namna hiyo hailali. Nyumba ya shangazi yangu ilikuwa na nguzo moja hivyo, ikilia usiku kucha, mpaka mjomba akahamia kwa mwanamke mwingine.

— Mjomba wako alihama sababu ya nguzo?

— Sasa sababu ya nini?

Kamanda alipiga funda la kahawa.

— Mbao haina kosa, alisema. Kosa ni mlango. Mlango wa Fundi unatazama kaskazini mashariki. Hiyo ni njia ya mashetani, hata mtoto anajua. Wewe umewawekea mpini mzuri mlangoni, wakaja, wakaushika, wakavuta. Mama alikuwa amesimama katikati tu.

— Mashetani wanashika kishikio?

— Nao wanazeeka, Mama Bafu. Magoti yanawauma kama sisi.

Wakacheka. Hisamatsu naye alicheka, kidogo, kisha akaona haya, maana aliona jinsi moyo wake unavyoyakumbatia yale maneno. Kama ni mbao, kama ni mashetani, basi si yeye. Mtu mzima wa miaka sabini na moja, anaomba kimoyomoyo shetani abebe mzigo wake.

Ukweli aliujua. Fusae alitaka waitwe mafundi wa Aizawa, watu wa kazi, waje kuweka kishikio, kwa sababu goti lilikuwa limeanza kumsumbua pale anaposhuka kidaraja cha mlangoni kuvaa viatu. Hisamatsu akakataa. Jumapili tatu alikaa uani na kipande cha mti wa hinoki, akapiga randa, akapiga msasa, akafumba macho na kupitisha kiganja mpaka asiguse hata kijibanzi. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kazini. Posta, kila alichokishika asubuhi kilikuwa kimeondoka jioni. Hiki aliamka akakikuta palepale.

Kwenye skrubu ndipo alipoharibu. Dukani palikuwa na ndefu za chuma, nyeusi, mbaya, na fupi za shaba zenye vichwa vya mviringo vinavyong'aa. Akachukua za shaba. Mtaa ulikuja kutazama, Mama Bafu akakisugua kwa mkono, akasema huyu si karani, huyu ni fundi. Baada ya wiki Fusae akamwambia kishikio kinacheza kidogo. Hisamatsu hakuinua hata macho kwenye gazeti.

— Mbao inapumua, alimjibu.

— Mimi nafikiri, Mama Bafu alikuwa akiendelea, tumtafute mtu wa hekalu aje aisomee ile mbao.

— Aisomee, na aigeuze, alikubali Kamanda.

Mlango wa duka ukafunguka. Alitoka mwanamke wa makamo, Kajitani, aliyehamia nyumba ya pembeni mwezi uliopita pamoja na baba yake mgonjwa. Akainama kuwasalimu wote watatu, kisha akamwinamia Hisamatsu mara ya pili.

— Samahani, baba. Siku nilipopita kugawa taulo za salamu za mgeni wa mtaa, nilikiona kishikio chako pale mlangoni. Sijawahi kuona kizuri kama kile. Nataka nimtengenezee baba yangu kama hicho hicho. Skrubu ulitumia za urefu gani?

Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na skrubu sita za shaba, fupi, zinang'aa.

— Swali dogo hilo, alisema Mama Bafu. Mwambie, Fundi.

Hisamatsu alitazama kile kiganja.  

— Rudisha hizo, alisema Hisamatsu.

— Si nzuri?

— Ni nzuri sana. Ndizo nilizotumia. Ziliishia kwenye plasta ya ukuta, hazikufika hata kwenye mti wa ndani. Mke wangu alipokishika kishikio, kikatoka naye.

Kamanda akaweka kopo lake benchini.

— Na soksi? aliuliza Kamanda taratibu.

— Alikuwa pekupeku. Habari ya soksi aliitunga kunisitiri mimi. Na alikuwa ameniambia kinacheza.

Alisimama, akamwinamia yule mwanamke mpaka mgongo ukamuuma.

— Waite mafundi wa Aizawa, mama. Usifanye kama mimi. Na mimi nakwenda nyumbani, kuna mtu sijamwomba radhi.

Akaanza kuondoka. Kamanda alitaka kumwita Fundi, akaliacha jina hilo. 

— Hisamatsu, alimwita. Umesahau kahawa yako.

Hisamatsu akarudi, akaichukua kwa mikono miwili, akashukuru. Ilikuwa imeshapoa.