Mlinzi wa Kushoto wa Kocha Brandvold

Basi lilikuwa likikata mashamba ya ngano ya Kansas, na Tavion alikuwa amebanwa dirishani na jitu lenye mwili kama wake. Akalitambia: “Natoka chuo cha miaka miwili, kaka. Kocha Brandvold wa chuo kikuu kaniita nizibe pengo la mlinzi wa kushoto kwenye timu yake ya futiboli ya Kimarekani. Helmeti inaningoja.”

Jitu lililokuwa likila karanga likaacha kutafuna. “Ati wewe? Mbona nafasi hiyo kaniahidi mimi?”

“Acha utani, bwana! Nimebakiza msimu mmoja tu wa kucheza.”

“Na mimi je? Kocha kaja kwetu, kala kuku wa mama, kasali naye mezani!”

“Kwetu alisali mpaka akalia,” Tavion akanong'ona.

Basi likasimama chuoni. Kocha alikuwa nje, kakunjua mikono: “Yuko wapi mlinzi wangu wa kushoto?”

Ndani wakainuka watu watatu.