Uzi wa Thelathini na Tano

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu ikikwama, mnivumilie. Mwalimu wa darasa la kwanza ametutoka. Alifariki ghafla Jumanne. Sherehe ya watoto wa darasa lake ilipangwa Ijumaa.

Tulimwita Mwalimu Gundi. Nasema tulimwita, kwa sababu hata mimi alinifundisha. Vidole vyake havikukosa gundi. Mumewe alizoea kumtania: "Nikikushika mkono, nani atatubandua?"

Kila mwisho wa muhula aliwaandalia watoto sherehe ya aina yake. Enzi zetu tulikuwa simba. Muhula huu ilikuwa safari ya mwezini. Madawati yaliunganishwa yakawa chombo, maboksi ya sabuni yakawa mitambo. Na kila mtoto alikuwa na kofia yake.

Kofia hizo hakuzikadiria hata siku moja. Alipima kila kichwa kwa uzi, akaukata, akaufungia kikaratasi chenye jina. "Kofia ya kubahatisha humwangukia mtoto machoni," alisema. "Na asiyeiona sherehe ni kama hakualikwa."

Baada ya kifo chake, mwalimu mkuu alitaka kuahirisha sherehe. Mdogo wa marehemu, fundi cherehani, akakataa katakata. "Dada aliwaahidi. Ahadi ni deni."

Akaenda darasani, akahesabu. Watoto thelathini na wanne. Kofia thelathini na nne, zote tayari. Lakini nyuzi zilikuwa thelathini na tano. Mmoja ulikuwa mrefu, hauna jina.

"Nilidhani dada amekosea," aliniambia. "Nikawauliza, jamani, nani hapa ana kichwa kikubwa hivi?"

Binti wa dawati la mbele akajibu: "Huo wa mwalimu. Tulimpima sisi. Alisema yake ataitengeneza akimaliza zetu."

Wasikilizaji wapendwa, hapo fundi alikaa chini akalia.

Kofia ile waliitengeneza watoto wenyewe. Ilipinda, gundi ikachuruzika kila mahali. Ijumaa sherehe ilifanyika, kofia ikiwa juu ya kiti cha mwalimu. Jumamosi tulimzika. Mumewe aliishika kofia ile mkononi njia nzima, na ilimganda vidoleni.

Pole sana, shemeji yetu. Pole, fundi. Poleni, wanangu thelathini na wanne.

Nawe unayenisikiliza, nyumbani kwako yupo anayewapima wote, yake akaiacha ya mwisho. Usingoje Jumanne. Mtengenezee leo, hata ikipinda.