Mama Mulwa na Maji ya Kwanza

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Kaluki Masila atavua koti jeupe la maabara kwa mara ya mwisho. Alilivaa mara ya kwanza Jumatatu tarehe 4 Februari 1991. Hiyo ni miaka thelathini na minne na karibu miezi tisa, makoti kumi na moja, na hadubini tatu, mbili kati yake akizisindikiza stoo yeye mwenyewe kwa heshima zote.

Sote humwita Mama Mulwa, kwa jina la kifungua mimba wake. Aliingia ghorofa yetu ya nne kuosha chupa. Akajifunza kupima, kuchuja na kutunza vyura, hadi akawa fundi mkuu wa maabara. Vyura hao huibuka juu ya maji wakisikia viatu vyake. Dkt. Kinyanjui, mkuu wetu, amejaribu kutembea kama yeye. Hawakumjali.

Kwa wasiojua tunachofanya huku juu, hakuna aliyekieleza vizuri kumshinda. Kila seli ya mwili ina utando, na kwenye utando kuna vilango vidogo sana vya maji. Mama Mulwa alikuwa akiwaambia wageni ni kama geti la ploti za kupangisha za Riruta: keateka, yule msimamizi wa ploti, anapitisha watu anaowajua tu, mmoja mmoja. Maji yanapita, chumvi inarudishwa. Sisi hutafuta kama kemikali za mboga tunazokula zinaweza kuketi hapo getini na kupunguza msongamano. Tunapima kwa yai la chura lililoongezewa vilango. Ukiliweka ndani ya maji matupu hufura na kupasuka kwa dakika tatu hivi. Likichelewa, kuna kitu kimeketi getini.

Mwaka 2019 zamu ilikuwa ya managu, mboga ya majani machungu. Mama Mulwa aliyanunua kwa Ciru, muuzaji wa mboga wa Waithaka, akayachemsha, akayapelekea mayai maji ya majani hayo. Kwa wiki sita mayai yalipasuka kwa wakati wake, yote 212. Wafadhili wakaandika kwamba utafiti utafungwa tarehe 28 Juni. Watu wanne wangepoteza kazi, na mkataba wa Mama Mulwa mwenyewe ulikuwa mezani ukisubiri sahihi.

Jumamosi tarehe 15 Juni alikuwa jikoni kwake, mtaani Satellite. Mumewe alionja mboga, akaweka kijiko chini.

"Mama Mulwa, hii managu ni ya wagonjwa? Uchungu wote umeuacha kwa sinki."

Anasema alisimama na mwiko mkononi hadi ugali ukashika chini. Maana alijua. Hata kazini, kwa wiki sita, mkono wake ulikuwa umemwaga maji ya kwanza, ukaweka mengine, ukachemsha tena, jinsi mama yake alivyomfundisha kutoa uchungu. Mayai yalikuwa yamepewa maji ya pili. Karatasi ya maagizo ilisema wazi kwamba maji yahifadhiwe, lakini nani husoma karatasi ya kupika managu?

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Jumatatu tarehe 17, wakati wa chai ya saa nne, alisimama mbele yetu akaeleza kila kitu, mkataba ukiwa bado haujatiwa sahihi.

"Mama, mimi nilikuwa nimesimama hapo sinki mara mbili nikikuangalia ukimwaga," akasema Dkt. Kinyanjui. "Nikaona unapika vizuri."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Sote tumelelewa na maji ya pili.

Siku hiyohiyo alichemsha upya. Jeremy, mwenzetu wa maabara, alishika saa, naye Mama Mulwa akaliinamia yai kwenye hadubini. Dakika tatu. Nne. Saba.

"Limekataa," akasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mbuzi mkaidi.

Barua ya kufunga utafiti ilibatilishwa, mkataba ukatiwa sahihi, na hao wanne wako nasi hadi leo. Wageni wakiuliza kama sasa managu ni dawa, Mama Mulwa huwajibu kwamba hilo ni yai la chura, wasubiri.

Juu ya sinki bado kuna kibao kwa mwandiko wake: MAJI YA KWANZA HAYAMWAGWI. Aliomba aende nacho. Tulipiga kura, tukamkatalia, kura kumi na nne kwa moja. Badala yake tumemnunulia sufuria kubwa iliyochorwa maneno hayohayo.

Asante, Mama Mulwa, kwa ile chai ya saa nne. Mungu akupe miaka mingi ya kulala hadi jua lipande juu ya Satellite. Huko nyumbani mwaga utakavyo. Hapa, sinki tutalilinda.