Mama Sabuni Aiaga Wodi ya Njiti

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuokoa watoto na kuwakera wakubwa, daktari wetu wa watoto wachanga, ambaye asipokuwepo tunamwita Mama Sabuni, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Sasa tunamwita hivyo hata akiwepo. Atatufanya nini?

Alipokabidhiwa wodi ya njiti, watoto wasiofika kilo moja na nusu walikuwa wakianza kunenepa vizuri, halafu wanazimika ghafla. Sisi tulisema ni kazi ya Mungu. Yeye akapeleka damu maabara, jibu likarudi: fangasi. Kwa mtu mzima ni mwasho tu. Kwa njiti ni msiba.

Mwezi ule tulizika watatu. Akaja kikaoni na visahani vya maabara vya kuoteshea vijidudu, kila mmoja wetu akabonyeza vidole kwenye chake. Siku chache baadaye akavipanga mezani, katikati ya chai na biskuti. Hakuna aliyegusa biskuti. Kisahani kilichostawi kama bustani kilikuwa chake mwenyewe: uchafu wa chini ya pete ya ndoa. Tulicheka mpaka mhasibu akaja kuuliza kulikoni. Yeye hakucheka. Aliivua palepale.

Keshokutwa yake mumewe akatinga wodini, kakunja uso.

"Mke wangu, pete iko wapi?"

Akamnawisha mikono, akamsimamisha mbele ya inkubeta. Ndani alilala binti mwenye mkono mwembamba kama kalamu. Mzee akatazama weee, kisha akasema, "Haya, ifungie kabatini. Ila ukirudi nyumbani, uivae."

Toka hapo hatukupumua. Kucha bandia marufuku. Njiti wadogo kabisa wakaanza kupewa dozi ndogo ya dawa ya kuzuia fangasi kabla hawajaugua, na mrija wa dripu, njia ya fangasi kuingia damuni, ukatolewa mara tu mtoto alipoyamudu maziwa ya mama yake. Antibayotiki zikizidi huua bakteria wazuri na kuwaachia fangasi uwanja, kwa hiyo kila asubuhi alishika faili na kuuliza, "Dawa hii nayo ina kazi gani hapa, au imekuja kusalimia?" Mganga mkuu alirudishwa mlangoni mbele ya wageni wake kwa sababu ya saa ya dhahabu mkononi. Alinuna wiki nzima. Lakini fangasi walipungua, hadi ukapita mwaka mzima bila kumzika njiti hata mmoja kwa sababu yao.

Jumatatu alipita wodini mara ya mwisho kama mkuu wetu. Akakagua kila kitanda akitafuta kosa, asilione. Midomo ikamcheza, macho yakalowa, tukajua leo ndiyo leo, tutasifiwa. Akageukia dirisha.

"Lile pazia chafu," akasema, akatoka haraka.

Daktari, asante kwa kila karipio. Tunakutakia maisha mema, wewe na mzee.

Pazia tumelifua.