Bi Time Soud, Mke Mwenzangu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mama zangu na dada zangu mliokaa humu ndani, na wanaume mlioko nje chini ya turubali mnaonisikia kwa kipaza sauti, khitma imesomwa, dua imeombwa, na sasa kwa idhini ya familia ya Kengeja na familia ya Wete nasimama kuwasomea maisha ya marehemu Bi Time Soud Vuai. Mimi ni Asma Nyange, mke mkubwa wa Bwana Hamdan Mjaka, na marehemu alikuwa mke wake mdogo, kwa hiyo anayesoma ni mke mwenza, nalisema mapema ili wanaonong'onezana wapumzike. Kazi hii ilikuwa apewe wifi yake, nikaiomba, nikakataliwa, nikaiomba tena mpaka wakachoka na mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1984 huko Kengeja, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Soud Vuai na Bi Mwatum, wakulima wa muhogo na ndizi, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Alianza skuli ya msingi hapo hapo Kengeja mwaka 1992, akamaliza sekondari Chake Chake mwaka 2004, kisha akaenda Unguja kusomea kilimo na kupata stashahada mwaka 2007. Baiskeli aliijua tangu mdogo, kwa baiskeli kubwa ya kaka yake, akipitisha mguu chini ya mtaimbo kwa kuwa hakukifikia kiti, na kaka yake yuko hapo nje, anaweza kuwaambia ni mara ngapi alimrudishia ikiwa imejaa tope.

Tarehe 3 Machi 2008 aliajiriwa kuwa bibi shamba, akapangiwa mabonde ya mpunga baina ya mji wa Wete na Gando, na kwa kuwa gari haiingii huko alijinunulia baiskeli ya gia ya mtumba, ya matairi manene yenye meno, akawa anapita juu ya kingo za majaruba, anavuka mto wa Kijichame kwa kubeba baiskeli begani, anakata msitu wa Mitondooni na kutokea upande wa pili kabla wenziwe wa kazini hawajapata pikipiki ya kuwabeba. Alivaa suruali pana ndani, buibui akalikunja na kulifunga kiunoni kwa leso, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama mlangoni wakasema mwanamke yule hana haya. Nilisema kabla sijajua kuwa atakuja kuwa wangu.

Mnyororo wake ulipokatika aliupeleka kwa fundi baiskeli wa karibu na soko la Wete, na fundi mwenyewe ndiye Bwana Hamdan, mume wangu tangu mwaka 2003. Mnyororo ule ulikatika mara nyingi kuliko minyororo ya watu wengine. Ndoa yao ilifungwa Ijumaa tarehe 18 Mei 2012, wakajaaliwa watoto wawili, Safaa aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 2013 na Fahmi aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2017, na marehemu akajengewa nyumba hii ya Gando tuliyomo, mimi nikabaki Wete, zamu ikagawiwa sawa, usiku kwangu na usiku kwake, na kwa usiku sikuwahi kudhulumiwa.

Nilidhulumiwa asubuhi. Bwana Hamdan alikuwa akiamka kwangu, katika siku yangu, akisali alfajiri na kutoka eti anakwenda kuijaribu baiskeli ya mteja, na majaribio yenyewe yalimpeleka Kijichame, alikokuwa mke mdogo akimngoja, wakapita wote wawili bondeni na msituni mpaka jua likawa kali, akarudi kwangu na matope ya mwenzangu miguuni na kicheko ambacho hakukichukua kwangu. Wivu ukanipanda. Nikavaa buibui langu nikenda kwa Shehe Abrahman nikamshitaki mume wangu kuwa anampa mwenzangu siku iliyo haki yangu, na Shehe, Mungu ampe umri, alinisikiliza mpaka mwisho, akamwita Bwana Hamdan na kumwambia kuwa siku inafuata usiku wake, na kama mke mmoja anapewa matembezi ya baiskeli basi na mwengine apewe vivyo hivyo, au wote waache.

Nilirudi nyumbani nimeshinda kesi, nikitarajia ataacha. Mume wangu akakaa dukani wiki nzima akiunga vyuma, na Jumapili moja ya mwaka 2014 akaniletea mlangoni baiskeli iliyolingana na ya mwenzangu kwa kila kitu, matairi yale yale, gia zile zile, hata kengele, akaniambia haki yako hii hapa, Bi Mkubwa. Nilikuwa na watoto watatu na sijapanda baiskeli hata siku moja.

Alijaribu kunifundisha mwenyewe tukagombana mpaka majirani wakatoka. Ndipo Bi Time alipokuja, akapiga hodi, akaomba ruhusa anifundishe yeye, nami nikakubali kwa sababu moja tu, nilitaka nimwone kwa karibu, nijue mume wangu anaona nini. Nikaona. Alikuwa anapanda mlima wa Mitondooni bila kushuka, anaimba kasida huku anahema, na kwenye ukingo mwembamba wa jaruba, mimi nyuma yake, maji kulia na maji kushoto, alitangulia mbele hata hakugeuka, akaniambia, "Usitizame tope, dada, tizama wendako." Nilianguka siku hiyo, na nyingine, na nyingine, na sikuwahi kumsikia akisimulia mtu.

Mwaka 2019 goti la Bwana Hamdan liliharibika akaacha kupanda, tukabaki sisi wawili, na hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu wengi mnadhani wivu wangu uliisha, na mkanisifu kuwa nimekuwa mwenza mwema. Haukuisha, ulihama. Njia ya nyuma ya mikoko, ile inayotokea penye mchanga mweupe, niliigundua mimi nikampa yeye, na siku aliyompitisha huko mwalimu mmoja mgeni kutoka Unguja, mwenye baiskeli inayong'aa, nilimnunia.  Alikuja kwangu, akaichukua baiskeli yangu ukutani, akaitia upepo, akaipaka mnyororo mafuta, akakaa kizingitini kuningoja, nami nikamweka hapo mpaka adhuhuri ndipo nikatoka.

Ugonjwa ulianza mwaka jana mwezi wa Mei. Tulikuwa tunaosha matairi penye kivuko cha Kijichame akanishika mkono akauweka kifuani kwake, penye uvimbe, na alinionesha mimi kabla ya mume wetu, jambo ambalo Bwana Hamdan amelilalamikia na nasikia linamuuma mpaka leo. Alitibiwa Wete, kisha Unguja, kisha Dar es Salaam, akakatwa titi, akatiwa dawa, nywele zikanyonyoka, akarudi, akapanda tena mara mbili, ya pili nikamsukuma. Alipolala moja kwa moja nilimtolea zamu yangu yote, na watu mkasema Bi Asma ana moyo. Sikuwa na moyo wowote, zamu niliitoa na mwenyewe nikahamia hapa Gando, nikatandika mkeka wangu upande wa kitanda chake, na Bwana Hamdan akikaribia namwambia nenda kapumzike, goti lako.

Alifariki Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, baada ya sala ya alasiri. Manyunyu yalianza nikatoka kuanua nguo zake kambani, na niliporudi Bwana Hamdan alikuwa ameshamfumba macho. Mwenzangu alikuwa amesema kitu kabla ya kukata roho, mtoto wetu Safaa aliisikia sauti yake akiwa ukumbini. Nimemuuliza mume wangu alisema nini, nimemuuliza jana na juzi na leo asubuhi, na jawabu lake ni moja, "Alonambia mie, n'achie mie." Alitaka hata kumwosha, na kisheria anaruhusiwa, nikasimama mlangoni na ndoo nikamwambia labda upite juu yangu, nikamwosha mimi. Kaburini Alhamisi asubuhi alishuka yeye, mimi nimebaki hapa kama nyinyi wanawake wenzangu, sijui hata walimlaza upande gani wa ule mchikichi wa makaburini.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Wete, Unguja na Dar es Salaam, wafanyakazi wenzake wa kilimo, wakulima wa bondeni walioleta mchele wa khitma hii bila kuombwa, majirani wa Gando, Shehe Abrahman, na yule mwalimu wa Unguja, ambaye amekuja, nimemwona, na nimempa chai.

Leo matanga yanaanuliwa na kila mtu anarudi kwake. Bwana Hamdan, najua unanisikia. Usiku wa leo kwa mgao wetu ni zamu ya Bi Time, na zamu yake naichukua mimi, wala si kwa ajili yako. Nenda Wete ukalale, ufunguo anao Safaa, chakula kimo jikoni. Mimi nalala hapa kwake.

Pumzika, Time. Mungu akupe amani, na asikupe mwenza mwengine.