Chuma cha Nyuma ya Goli

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu imechoka, mtanivumilia. Jana tumemzika fundi wa mabasi mstaafu, yule ambaye wengi mlimjua kwa jina la Sumaku. Sumaku ametutoka. Ameacha binti, wajukuu, na dada yake mkubwa, mshonaji, aliyeishi naye nyumba moja hadi mwisho.

Gereji ilimmaliza mgongo. Alipostaafu, binti yake alimnunulia mashine ya kutafutia vyuma ardhini, ya mtumba, ili baba asishinde ndani akihesabu mbu. Kila asubuhi alitembea taratibu, kichwa chini, mashine ikipita juu ya majani. Mtaani wakasema mzee anatafuta dhahabu. Wapo waliomfuata nyuma na majembe. Wakaambulia vizibo vya soda, naye akacheka hadi akakohoa.

Halafu siku moja, kwenye uwanja wa shule ya msingi, nyuma ya goli, mashine ililia. Narudia, nyuma ya goli. Alichimba akatoa kitu asichokielewa. Fimbo mbili nyembamba za chuma, urefu wa mkono wa mtoto. Juu zimeunganishwa na chuma kilichopinda nusu duara. Chini, ncha zimekunjwa kwa ndani. Kutu tupu.

Mnakumbuka alikileta hapa studio, kimefungwa kwenye fulana kuukuu, nami nikakielezea hewani na kutangaza kwamba anayekijua apige simu. Simu zenu zikamiminika. Uma wa baiskeli. Mtego wa panya. Bwana mmoja aliapa kuwa ni antena ya wakoloni. Sumaku alitikisa kichwa tu. "Ndugu yangu," aliniambia, "nimefungua injini maisha yangu yote. Kila chuma kina kazi yake. Silali mpaka niijue ya hiki."

Dada yake alisikia kipindi kile akiwa kwenye cherehani. Hakupiga simu. Sumaku aliporudi, dada akamwambia, "Chuma tu hicho. Wape watu wa vyuma chakavu."

Miezi ikapita. Sumaku alikisugua kwa msasa na mafuta ya taa, akakizungusha kwa mafundi wenzake, akachoka. Siku moja akanipigia simu, sauti iko chini. "Lile tangazo langu lifute." Nikamuuliza, umeshajua ni nini? "Lifute tu, ndugu yangu." Sikupata zaidi ya hapo. Mengine nimeyapata jana msibani, kwa dada yake, naye ameniruhusu niwaambie.

Sumaku alikuwa amekwenda hospitali kupima presha. Kwenye benchi alikaa mama na mtoto aliyepooza mguu. Mtoto amevaa chuma cha kumsaidia kusimama. Fimbo mbili ubavuni mwa mguu. Nusu duara juu, pajani. Chini, ncha zimeingia kwenye kisigino cha kiatu. Sumaku aliondoka bila kupima presha.

Wasikilizaji wapendwa, dada yake aliugua polio utotoni. Alikuwa na chuma kama hicho, kimefunikwa ngozi na soksi ndefu, na kilipotea. Kilipotea siku ambayo mdogo wake aliachiwa kazi ya kumwangalia, yeye akaenda kucheza mpira. Baba yao alimchapa vibaya. Chuma kingine hakikupatikana. Dada akachechemea maisha yake yote, na mdogo mtu akabeba lawama hadi nywele zikawa nyeupe. Ndiyo maana hakuwahi kumwacha aishi peke yake.

"Alirudi kutoka hospitali, akanihadithia habari ya yule mtoto," dada aliniambia. "Nikaona hakisugui tena. Nami nilikuwa nimechoka kukaa na neno hili. Nikamwambia, mdogo wangu, hukukipoteza wewe. Nilikivua mwenyewe nikakizika nyuma ya goli. Kilikuwa kinanichubua, na wenzangu wananicheka. Niliogopa kusema. Ukapigwa wewe, mimi naangalia."

Nikamuuliza, mama, alikasirika?

"Aliiacha chai ikapoa. Nikasema moyoni, leo naachwa. Halafu akaniambia, 'Dada, ungeniambia tu. Ningekusaidia kuchimba.'"

Hapo nilishindwa, nasema kweli. Nilitoka nje ya turubai nikalia.

Wiki ile ile walikwenda uwanjani, wawili, wakikongoja. Yeye akachimba, dada akakiweka, wakafukia pamoja.

Kwa dada, kwa binti na wajukuu, poleni sana. Sisi hapa studio tumefiwa pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna ndugu unayeishi naye na neno limekaa katikati yenu, mwambie angali anaweza kukujibu. Na kama una mashine kama ya Sumaku, ukipita uwanja ule ikalia nyuma ya goli, wewe pita. Mwenyewe anajua kilipo.