Mgonjwa Hukabidhiwa Kitandani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali; Mkuu wa Chuo chetu cha Tiba; wajumbe wa Bodi; wakuu wa idara na mabingwa wa kila kiungo cha mwili, kuanzia unyweleni hadi ukuchani; dada na kaka wauguzi, ambao bila ninyi sisi wengine tungekuwa makoti meupe yanayotembea tu; madaktari mlio mafunzoni, mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimewaishia, kama kawaida yenu; mume wangu na wanangu; ndugu wageni waalikwa, habari za asubuhi?

Mtanivumilia nikihama mguu huu kwenda ule. Mmeniwekea kiti kizuri chenye riboni, na mshereheshaji ameniambia mara mbili, "Mama, kaa utulie, leo ni siku yako." Nitatuliaje? Leo ndiyo siku ya kubadilishana zamu. Wiki yangu ya mwisho imekwisha, wagonjwa wangu wako ghorofa ya chini, na hadi ninapozungumza nanyi sijamkabidhi mtu hata mmoja wao. Mmenipamba maua saa ile ile ambayo ningekuwa wodini. Nawashukuru kwa maua, lakini roho yangu haiko hapa, na sitajifanya kwamba ipo.

Wageni wetu wengine huenda hawajui sisi madaktari wa wodi ni watu gani. Msione haya, hata nyumbani kwangu ilichukua muda. Nilipoolewa, mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni daktari wa nini? Wa moyo? Wa macho?" Nikamwambia, "Mama, mimi ni wa wodi." Akanitazama kwa huruma, akanishika mkono: "Usijali, utamaliza tu kusoma." Mume wangu anacheka kule, lakini siku ile hakunitetea.

Basi niwaeleze kama nilivyomweleza mama yule. Hospitali inayofundisha ina mabingwa wengi, na kila bingwa ana kiungo chake. Mgonjwa aliyelazwa, kwa bahati mbaya, huja na viungo vyote kwa pamoja. Anatakiwa mtu mmoja wa kumwangalia mzima mzima: kusikiliza wa moyo amesema nini na wa figo amesema nini, kisha kuamua leo apewe nini na lini aende nyumbani. Mtu huyo ndiye daktari wa wodi. Hana kliniki mjini wala wagonjwa wa kumsubiri kwingine. Kazi yake ni waliolala. Tumejigawa katika timu. Zipo timu zinazofundisha, ambamo daktari mmoja anatembea na msururu wa wanafunzi nyuma yake, na swali la dakika moja linakuwa somo zima. Zipo timu zisizo na wanafunzi, ambamo daktari anabeba mzigo peke yake. Ipo timu ya mapokezi inayopokea wanaotoka chumba cha dharura na kuwagawa. Na kwa kuwa binadamu huchoka, tunakaa wiki ndani, wiki nje.

Mpango mzuri, sivyo? Nimeuongoza kwa miaka mingi na naupenda. Lakini una ufa mmoja, na ufa huo ni siku kama ya leo. Siku anapotoka daktari anayemjua mgonjwa, akaingia asiyemjua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Na mzigo uliopokea kwa simu ni mwepesi zaidi, hata husikii kama umeubeba.

Nimeombwa na uongozi wa hospitali nitumie nafasi hii kutangaza utaratibu mpya. Kuanzia wiki hii hatutapita tena kitanda kwa kitanda, anayetoka pamoja na anayeingia. Makabidhiano yote yatafanyika kwenye kompyuta. Sababu zake nazijua na sizibezi. Mzunguko ule unakula asubuhi nzima. Wagonjwa wapya wanasubiri kwenye korido, vitanda havipatikani, na kompyuta haisahau. Yote ni kweli tupu. Wanaonifahamu wanajua kwamba mtu wa kwanza kulalamika kuhusu korido ile ni mimi, na kwa sauti.

Lakini kabla sijatangaza lolote, naomba nimsifu mtu mmoja aliyemo humu ndani, maana sherehe ya kuaga bila kusifiana ni mkutano wa kazi tu.

Zamani kidogo tulimlaza refa wa mpira aliyestaafu. Mzee mrefu, sauti ya uwanjani, akikohoa wodi nzima inageuka. Mapigo ya moyo wake hayakuwa sawa, kwa hiyo alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Figo nazo zikaleta shida. Mabingwa wa figo wakataka kuchukua kipande kidogo cha figo wakapime, na kwa ajili ya kipimo dawa ile ikasimamishwa, kama inavyopaswa. Kipimo kikafanyika, kikaenda salama. Katikati ya hayo, ikafika siku ya kubadilishana.

Daktari aliyetoka alimpigia simu aliyeingia, akamweleza kila kitu, na hakusema uongo hata kidogo. Aliyeingia akangoja wa figo waseme kidonda kimekauka. Wa figo wakajua wa moyo watairudisha dawa yao. Wa moyo wakajua wa wodi wameshairudisha. Niambieni, nani hapo alikuwa mvivu? Nani hakuisoma kazi yake? Hakuna. Watu wazuri watupu, wanategeana kwa adabu! Mguu wa mzee ukavimba kama gogo, bonge la damu likapanda mapafuni, na tukampeleka chumba cha wagonjwa mahututi akihema kama aliyekimbia uwanja mzima.

Mungu ni mwema, alipona. Na siku aliyopata sauti yake alituita wote, mabingwa na wanafunzi, akasema, "Jamani, mimi nimechezesha mpira maisha yangu yote. Mechi ikiwa na marefa wanne, haina refa. Humu ndani mwenye filimbi ni nani?"

Tuliinamisha vichwa. Mwingine alitazama saa, mwingine alianza kupekua faili. Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na kila nahodha alikuwa anatazama viatu vyake. Ndipo yule daktari aliyeingia zamu kwa simu, kijana wakati huo, alipokaa pembeni mwa kitanda. Hakusema "mfumo". Hakusema "mawasiliano". Alisema, "Mzee, mwenye filimbi ni mimi. Na siku nikitoka, nitakuja hapa na atakayeipokea, umwone kwa macho yako."

Akatimiza. Siku ya kubadilishana ilipofika, alimshika mkono daktari mwingine akamleta hadi kitandani. Akaeleza ugonjwa mbele ya mwenye ugonjwa. Mzee akamkatiza mara mbili kumsahihisha, maana refa hastaafu kabisa. Kisha akasema, "Mzee, kuanzia sasa huyu ndiye wako." Daktari yule aliyeletwa ni mimi. Nakumbuka mzee alivyonikagua kutoka juu hadi chini, nami nikajisikia nimekabidhiwa mtu, siyo taarifa ya mtu. Tangu hapo nikafanya hivyo hivyo kwa aliyenifuata, na timu nyingine zikaiga, mpaka ikawa desturi ya hospitali, na wanafunzi wakaondoka nayo kwenda hospitali nyingine.

Na kijana yule aliyekaa kitandani? Ndugu wageni waalikwa, mpigieni makofi. Ni Mheshimiwa Mkurugenzi wetu.

Mheshimiwa, naona unafuta miwani, nami sikusudii kukuaibisha. Nakusifu kwa moyo wangu wote. Kazi hii yote ninayopongezwa leo niliijenga juu ya dakika zile ulizokaa pale. Ndiyo maana naomba radhi mbele ya Bodi: tangazo nililoombwa sitalitoa. Siwezi kutangaza kifo cha kitu ulichokizaa wewe. Kompyuta ibaki, na iboreshwe, maana inatunza vipimo kuliko vichwa vyetu. Korido tuitafutie dawa. Timu ya mapokezi ianze mapema, nami niko tayari kuja kusaidia kupanga hata nikiwa nimestaafu. Lakini kompyuta haiwezi kumwambia mgonjwa, "Huyu ndiye wako," na mgonjwa hawezi kuikatiza kompyuta akaisahihisha. Tusipoziba ufa, tutajenga ukuta, na tulishaonyeshwa ukuta wenyewe unafananaje.

Naogopa. Nasema wazi, naogopa kuondoka na kuacha watu wasio na mwenyewe. Anayenirithi ni daktari ambaye wauguzi wanamwita Mpole, na jina limemfaa; amesoma, ana subira niliyonyimwa mimi, na wiki hii anaanza. Mpole, sina wasiwasi na wewe hata chembe. Wasiwasi wangu ni kwamba ukiambiwa ukae ofisini usome skrini, utakaa, kwa sababu wewe ni mpole.

Kwa hiyo keki ikatwe, vinywaji vinywewe, msitusubiri. Nawashukuru wauguzi walionigombeza nilipostahili. Nawashukuru wanafunzi waliouliza maswali ya kijinga ambayo hayakuwa ya kijinga. Namshukuru mume wangu na watoto, waliopata nusu ya mama na hawakulalamika sana. Mpole, chukua koti lako. Mheshimiwa Mkurugenzi, kule chini wapo wagonjwa ambao mpaka sasa ni wangu, na dakika chache zijazo lazima wawe wa mtu.

Ndugu zangu wote, asanteni sana kwa kunipa masikio yenu. Kwako, Mkurugenzi, masikio hayatoshi. Naomba na miguu. Inuka, twende tukawakabidhi.